Kontena refu, daraja fupi: mwongozo kamili wa kupima kimo cha tela na kupita bila kugonga

Dereva anayegonga daraja mara nyingi si mgeni wa njia ile. Alipita hapo wiki iliyopita, kwa kichwa (gari la mbele linalovuta) kile kile na tela lile lile. Kilichobadilika ni mzigo: juzi alibeba kontena la kawaida, leo amepakiwa refu, yaani lenye kimo kikubwa. Au alipita akiwa na tani 26, sasa anarudi na kontena tupu na springi zimepanda.

Makosa ya namna hii yanajirudia kwa sababu watu wanahesabu kimo kama jambo la gari. Kimo ni jambo la safari. Hakiko kwenye kadi ya gari, na mtu aliyepakia jana hawezi kukutajia cha leo. Kinapimwa kila mzigo unapobadilika, kila kichwa kinapobadilishwa na kila tela linapobaki tupu.

Mwongozo huu ni wa madereva, mautingo, wenye magari na wanaopanga safari kutoka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kwenda bara. Maneno mawili yatatumika sana. Kimo ni umbali wa wima kutoka lami hadi ncha ya juu kabisa ya gari pamoja na mzigo. Upenyo ni umbali kutoka lami hadi sehemu ya chini kabisa ya daraja, iwe boriti, bomba, taa au bango lililoning'inia.

## Vifaa vya kuwa navyo

Vingi vya hivi vinaingia kwenye boksi la zana. Bei yake kwa jumla si kubwa, na mwenye gari anayemwambia dereva "kadiria tu" anajitafutia hasara kubwa kuliko hiyo.

- Futi ya mkono ya mita 8. Ya mita 5 inatosha kwa shida. Ikifika mwisho inapinda.
- Rula ya alumini ya mafundi wa plasta, mita 2, iliyonyooka kabisa.
- Pimamaji.
- Timazi yenye uzi wa mita 5.
- Kipimo cha leza cha mkononi, kama kinapatikana. Juani nukta yake haionekani vizuri, kwa hiyo tumia asubuhi au jioni.
- Bomba mbili za PVC za inchi 1, mita 3 kila moja, zenye kiungio cha kuziunganisha. Hii ndiyo fimbo ya kupimia. Isiwe ya chuma wala alumini. Sababu iko kwenye hatua ya 7.
- Kamba ya fundi mwashi, mita 15.
- Chaki, maka peni na kadi ngumu nyeupe.
- Vizibao 2 vya kuakisi, koni 4, pembetatu 2 na kofia ngumu 2.
- Ngazi ya kuegemeza inayofika mita 4.

## Hatua ya 1: Jua unachopakiwa kabla hakijapanda

Kontena ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu refu na la kawaida hufanana ukiyatazama kutoka chini. La kawaida lina kimo cha mita 2.59. Refu, lile la futi 9 na inchi 6, lina mita 2.90. Tofauti ni sentimita 30, na kwenye daraja sentimita 30 ni nyingi mno.

Usiulize karani. Soma mlangoni. Chini au pembeni mwa namba ya kontena kuna alama yenye herufi na tarakimu, nne kwa jumla. Tazama tarakimu ya pili:

- 22G1: futi 20, kimo cha kawaida.
- 42G1: futi 40, kimo cha kawaida.
- 45G1: futi 40, refu.
- 45R1: futi 40 la baridi, nalo ni refu.

Tarakimu ya pili ikiwa 2, ni la kawaida. Ikiwa 5, ni refu. Makontena marefu pia huwa na mistari ya njano na nyeusi kwenye kona za juu, lakini rangi hufutika na kontena likipakwa upya mistari hupotea. Amini tarakimu.

Sasa ongeza kimo cha kitanda cha tela. Tela bapa la kawaida lina kitanda cha karibu mita 1.5 kutoka chini. Kontena refu juu yake linafika mita 4.4. La kawaida linafika mita 4.1. Hesabu hii ni ya awali tu, ya kukuamulia kama utafute tela jingine mapema. Haichukui nafasi ya kupima.

Umefaulu kama: umeandika alama ya kontena na kimo cha makadirio kabla kreni haijaliinua. Kubadilisha tela ukiwa bado bandarini ni usumbufu wa saa chache. Kubadilisha ukiwa chini ya daraja kunahitaji kreni, polisi na kufungwa kwa barabara.

## Hatua ya 2: Pima kimo halisi baada ya kupakia

Pima baada ya mzigo kufungwa kabisa, loki za kontena zikiwa zimekaza, matairi yakiwa na upepo wake wa kawaida na kichwa kikiwa kimeunganishwa. Kichwa ni muhimu. Sahani inayobeba tela haina kimo kimoja kwenye vichwa vyote. Ukivua tela kwenye kichwa kimoja na kulivisha kwenye kingine, pua ya tela inaweza kupanda au kushuka sentimita kadhaa.

Kama tela lina springi za upepo, washa injini usubiri mitungi ijae, tela likae kwenye kimo chake cha kutembelea. Ukipima upepo ukiwa umeshuka utapata namba nzuri ya uongo.

1. Simamisha gari kwenye sakafu ya zege au lami iliyo sawa. Weka pimamaji juu ya rula chini, karibu na matairi. Povu likikimbilia upande mmoja, sogeza gari.
2. Egemeza ngazi kwenye kona ya kontena, utingo mmoja aishike. Usitembee juu ya kontena. Bati la juu hutereza hata likiwa kavu, na mita 4 zinaua.
3. Laza rula juu ya kona, iingie ndani mita 1.5 na itokeze nje sentimita 50. Weka pimamaji juu yake na inyanyue au ishushe hadi povu likae katikati.
4. Ning'iniza timazi kwenye ncha iliyotokeza. Subiri iache kuyumba. Weka alama ya chaki mahali inapogusa chini.
5. Vuta futi kutoka chini ya rula hadi alama ya chaki, ikifuata uzi wa timazi. Futi ikilala hata kidogo, namba inaongezeka na unajidanganya kwa upande mwingine.
6. Rudia kwenye kona zote nne, kisha popote panapotokeza zaidi: kiwiko cha kijiko (mashine ya kuchimbia), bomba la moshi, taa ya kuzunguka, antena, mzungusho wa turubai.
7. Chukua namba kubwa kuliko zote. Usitafute wastani.

Kona za mbele na za nyuma zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, tela halijakaa sawa. Chunguza upepo wa matairi, springi iliyovunjika au sahani ya kichwa iliyo juu mno. Hilo ni tatizo la kurekebisha hata kama hakuna daraja njiani.

Andika kimo kwenye kadi kwa maka peni nene, mita na sentimita, tarehe na namba ya kontena, kisha ibandike juu ya dashibodi usawa wa macho ya dereva. Uingereza sheria inadai tangazo la kimo ndani ya kabini kwa magari yanayozidi mita 3. Kwetu hata pasipodaiwa, kadi hiyo ndiyo inayomzuia dereva wa zamu ya usiku asikisie.

### Futi, inchi na nukta

Nyaraka za mizigo kutoka nje mara nyingi huja kwa futi na inchi, na hapa ndipo hesabu huharibika. Futi 14 na inchi 10 ni mita 4.52. Mtu akiandika "14.10" kwenye karatasi, mwingine akaizidisha kwa 0.3048, anapata mita 4.30. Sentimita 22 zimepotea mezani, kabla gari halijawashwa.

Njia salama: geuza kila kitu kuwa inchi kwanza, kisha zidisha kwa 2.54. Futi 14 ni inchi 168, jumlisha 10 upate 178, zidisha 2.54 upate sentimita 452.

Ndugu zetu wanaoendesha tela Marekani wanaishi na hesabu hii kila siku. Tela la boksi kule kwa kawaida ni futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11, na mabango ya madaraja yako kwa futi na inchi. Mjini Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8. Mwaka 2019 liliinuliwa kwa karibu sentimita 20, na bado malori yanaligonga. Ramani ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo haijui kimo chako, uwe Durham au Dodoma.

## Hatua ya 3: Tafuta upenyo unaouhitaji

Usilinganishe kimo chako na bango moja kwa moja. Gari linalotembea ni refu kuliko gari lililosimama. Jumlisha hivi:

- Mdundo: sentimita 5. Tela likipita kwenye kiraka au kiungo cha lami linaruka, na mara nyingi kiungo hicho kiko karibu na daraja.
- Kosa la kipimo: sentimita 2. Hata ukiwa makini.
- Bonde: sentimita 3 kwa tela la kawaida kwenye barabara ya mteremko mpole. Lobedi (tela lenye kitanda cha chini, la kubebea mashine) ndefu inahitaji zaidi; soma hapa chini.
- Akiba: sentimita 5. Lami mpya. Mkandarasi akimwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani, upenyo hupungua kwa unene huohuo, na bango linaweza kubaki na namba yake ya zamani.

Jumla ni sentimita 15. Kimo chako kikiwa mita 4.40, usiingie chini ya daraja lenye upenyo ulio chini ya mita 4.55. Bango likisema 4.5, hilo si daraja lako hata kama kwa macho mwanga unaonekana.

Bango lenyewe ni duara lenye ukingo mwekundu, katikati namba, juu na chini ya namba kuna pembetatu mbili nyeusi zinazoelekeana. Hilo ni katazo. Usichanganye na lile lenye pembetatu kushoto na kulia, ambalo ni la upana.

### Kwa nini bonde linaongeza kimo

Hili ndilo jambo ambalo hata madereva wazoefu hawaamini hadi walione. Barabara nyingi zinazopita chini ya reli zimechimbwa: unashuka, unapita, unapanda. Reli mpya ya kisasa, Tanzania na Kenya, ina vivuko vya chini vya namna hii sehemu nyingi.

Tela likiwa katikati ya bonde hilo, matairi ya kichwa yameshaanza kupanda upande wa pili na matairi ya nyuma bado yako kwenye mteremko wa upande huu. Tumbo la tela linaning'inia juu ya shimo. Paa lake nalo limenyanyuka kwa kiasi hichohicho. Ukipima upenyo kutoka sehemu ya chini kabisa ya lami, unapima nafasi ambayo gari lako haliitumii.

Kulipima hilo kunahitaji kamba tu. Pima umbali kutoka katikati ya matairi ya kichwa yanayobeba tela hadi katikati ya matairi ya tela. Tuseme mita 10. Barabara ikiwa imesimamishwa, tandaza kamba chini ya daraja kwa urefu huo, ncha zote mbili zikiwa zimekandamizwa kwenye lami na kamba ikiwa imekaza. Pima pengo kati ya kamba na lami katikati. Pengo likiwa sentimita 8, toa sentimita 8 kwenye upenyo. Sogeza kamba mbele na nyuma mita mbili mbili hadi upate pengo kubwa kuliko yote.

Urefu una nguvu kubwa hapa. Umbali wa matairi ukiongezeka mara mbili, pengo linaongezeka mara nne. Ndiyo maana fuso linapita, semi inakwaruza na lobedi inakwama, zote zikiwa na kimo kimoja.

## Hatua ya 4: Kagua njia kwa gari dogo

Kwa kontena refu kwenye njia unayoijua, simu kwa dereva aliyepita siku mbili zilizopita inaweza kutosha, mradi umuulize amebeba nini na kimo gani. Kwa lobedi, mashine au mzigo wowote unaozidi vipimo vya kisheria, tuma gari dogo likague njia yote. Mzigo wa namna hiyo pia unahitaji kibali maalum: Tanzania ni kwa wakala wa barabara, TANROADS, Kenya ni kwa mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Kibali hutaja njia na masharti. Usiondoke kwenye njia hiyo hata msongamano uwe mkubwa namna gani. Njia ya mkato ndiyo yenye daraja ambalo hakuna aliyelikagua.

Na mizani isikudanganye. Mizani inapima uzito. Tela lenye tani halali linaweza kuwa refu kupita daraja linalofuata.

Mkaguzi aandike kila kitu kilicho juu ya barabara, siyo madaraja makubwa tu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Mandela, kwa mfano, unapita chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA. Hilo kila mtu analiona. Yanayosahaulika ni madaraja ya waenda kwa miguu, fremu za mabango ya barabarani, vyuma vya kuzuia malori kwenye maingilio ya mitaa, mapaa ya vituo vya mafuta, malango ya viwanda na ghala unakopeleka mzigo. Lango la ghala limeharibu makontena mengi yaliyosafiri salama kilomita elfu moja.

Jinsi ya kupima upenyo:

1. Vaa kizibao, weka koni na pembetatu. Kwenye barabara kuu omba askari wa usalama barabarani. Usipime peke yako.
2. Tafuta boriti iliyo chini kuliko zote. Boriti za daraja moja hazilingani. Ya upande wa kuingilia inaweza kuwa juu na ya kutokea ikawa chini.
3. Pima kwa kila njia ya gari: ukingo wa kushoto, katikati na ukingo wa kulia. Fanya hivyo mwanzo, katikati na mwisho wa daraja.
4. Andika namba ndogo kuliko zote kwa kila njia.

Daraja la upinde lina kanuni yake. Namba ya bango ni ya katikati; pembeni upinde unashuka. Kontena lina kona za mraba, na kona ndiyo inayogusa. Pima upenyo kwenye upana wa kontena, yaani mita 1.3 kushoto na mita 1.3 kulia kutoka pale litakapopita katikati yake.

Angalia pia mwinamo wa barabara. Lami huinama kuelekea pembeni ili maji yatoke. Mwinamo wa sentimita 2.5 kwa kila mita unalaza ncha ya gari la mita 4.4 kwa sentimita 11 upande wa chini. Nguzo, matawi na taa za pembeni zinaguswa namna hii hata pale boriti iko mbali.

Umefaulu kama: una karatasi yenye jina la kila sehemu, njia ya gari ya kupitia na upenyo wake mdogo kabisa, na hakuna hata mmoja ulio chini ya kimo chako kujumlisha sentimita 15.

## Hatua ya 5: Shusha kinachoweza kushuka

Kijiko. Kijiko cha tani 20 kikikunjwa vizuri kina kimo cha karibu mita 3 au kuzidi kidogo. Juu ya lobedi ya mita 0.9 hadi 1 unazungumzia mita 4.1 hivi; juu ya tela bapa, zaidi ya mita 4.5. Ncha ya juu mara nyingi ni kiwiko cha mkono wake. Kunja mkono, laza bakuli kwenye kitanda, zima mashine, kisha sukuma vishikio vyote ili shinikizo la mafuta litoke. Funga mkono kwa mnyororo. Mkono ulioachwa uning'inie kwa mafuta peke yake unaweza kusogea njiani. Fungua taa ya kuzunguka na antena uziweke ndani.

Turubai. Mizigo ya pamba, katani na magodoro hupimwa ikiwa imetulia, halafu gari likishika kasi turubai linajaa upepo na kupanda. Kaza kamba kila mita 1 juu ya mzigo, mbele zaidi ya nyuma, kwa kuwa upepo unaingilia mbele. Simama baada ya kilomita 20 ukaze tena.

Tipa. Hakikisha swichi ya PTO (kifaa kinachochukua nguvu ya injini ili kuinua bodi) imezimwa na bodi limelala kabisa kabla ya kuondoka kwenye kifusi. PTO ikibaki imeshika, bodi linaweza kupanda polepole dereva akiwa anatazama mbele, na kioo cha nyuma kinaonyesha bodi tu muda wote. Utingo atazame kwa macho, kila mara.

Springi za upepo na matairi. Kupunguza upepo wa springi kunashusha tela sentimita chache. Kunaruhusiwa tu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa mita chache, na kurudishwa mara moja. Kutoa upepo kwenye matairi hatushauri. Unapata sentimita 2 au 3, unahatarisha tairi lenye mzigo kamili, na unahitaji kompresa upande wa pili. Safari inayotegemea hilo ilishapangwa vibaya tangu kupakia.

## Hatua ya 6: Kupita chini ya daraja

Kama hesabu inakupa ziada ya sentimita 30 au zaidi, pita kwa mwendo wa kawaida wa eneo hilo. Ikiwa kati ya 15 na 30, fanya hivi:

1. Simama mita 30 kabla ya daraja, taa za dharura zikiwaka. Utingo ashuke na kizibao chake.
2. Soma kadi ya kimo kwa sauti, dereva na utingo wote wawili. Inasikika kama jambo dogo, lakini ndipo watu hugundua kadi ni ya safari iliyopita.
3. Utingo asimame upande wa pili wa daraja, pembeni, pale anapoona boriti na paa la mzigo kwa pamoja, na dereva anamwona. Asisimame chini ya daraja, kati ya tela na nguzo, wala juu ya mzigo.
4. Kubalianeni ishara tatu tu: njoo, polepole, simama. Simama ni mikono yote miwili juu. Dereva asipomwona utingo, anasimama.
5. Zima redio, fungua vioo. Kukwaruza kunasikika kabla hakujaonekana.
6. Ingia kwa gia ya chini, kilomita 5 kwa saa, katika njia ya gari iliyoandikwa kwenye karatasi.
7. Usifunge breki ghafla chini ya daraja. Breki inainamisha pua na kunyanyua mkia. Ukiachia, pua inaruka juu.
8. Usiongeze mwendo hadi utingo athibitishe kwamba mkia umetoka. Kichwa kikitoka bado tela liko chini, na kwenye bonde ni hapo ndipo katikati ya tela inakuwa juu zaidi.

Umefaulu kama: utingo aliona mwanga kati ya boriti na mzigo kwa urefu wote wa tela, bila kukatika hata mara moja. Mwanga ukikatika, simama. Kurudi nyuma sentimita 20 ukiwa hujagusa ni rahisi.

## Hatua ya 7: Nyaya za umeme

Nyaya si daraja, na kanuni zake ni kali zaidi, kwa sababu hazihitaji kuguswa ili ziue. Umeme wa kilovolti 11 na 33 unaovuka barabara zetu unaweza kuruka pengo.

Usipime waya kwa futi ya chuma, rula ya alumini wala fimbo yoyote, hata ya PVC. Bomba lenye vumbi na unyevu linapitisha umeme. Fimbo yako ni ya madaraja tu. Kwa waya tumia leza ukiwa umesimama chini, au waulize TANESCO au Kenya Power wakutajie kimo. Mahali pa kupakia na kushusha, weka kreni na mikono ya mashine angalau mita 3 mbali na nyaya hizo. Waya ukiwa chini mno, shirika la umeme ndilo linaloukata au kuunyanyua. Utingo anayepanda juu ya kontena na mti kuinua waya anaweza asishuke akiwa hai, na desturi hii inapaswa kukoma.

Waya ukigusa gari: baki ndani, mwambie kila mtu akae mbali angalau mita 10, piga simu shirika la umeme. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, usishuke kwa kushika mlango huku ukikanyaga chini. Ruka mbali, miguu yote miwili pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha.

## Hatua ya 8: Safari ya kurudi

Pima tena. Kontena refu lililojaa linaweza kuwa mita 4.38, na likirudi tupu likawa 4.43, kwa sababu springi na matairi vimepumzika. Sentimita 5 hizo zinakula akiba yako yote. Andika kadi mpya, chana ya zamani. Usizibandike mbili.

## Ukigonga

Simama papo hapo. Usijaribu kuvuta upite na usirudi nyuma. Boriti inaweza kuwa imeshikiliwa na kontena lako.

Ondoa watu chini ya daraja na mbele ya tela, wakiwemo wanaokuja kutazama. Piga 112, inayopokewa na polisi Tanzania na Kenya.

Kama ni daraja la reli, simu ya pili ni kwa shirika la reli: TRC au Kenya Railways. Usisubiri bosi akuruhusu. Reli iliyosogea sentimita chache haionekani ukiwa barabarani, na treni inayofuata inaweza kuacha njia ikiwa na abiria. Reli ya kisasa ya Tanzania ina nyaya za kilovolti 25 juu yake, kwa hiyo mtu yeyote asipande kwenye tuta kwenda kutazama.

Kama umebeba mafuta au gesi, zima injini, zima swichi kuu ya betri, na uzuie simu na sigara karibu na tela.

Piga picha za pande zote nne, bango la kimo, kadi yako na lami iliyo chini ya boriti. Gari litaondolewa baada ya mhandisi wa barabara au wa reli kukagua na kuruhusu. Kabla ya kuendelea na safari, kagua loki zote za kontena, kingipini (pini ya tela inayoingia kwenye sahani) na sahani ya kichwa: kishindo cha juu hushuka hadi huko, na loki iliyopasuka nusu huwezi kuiona mpaka uifungue na kuifuta grisi.